Sahani Nne za Mahindi: Kufundisha Uotaji wa Mbegu Bila Maabara

Wenzangu tunaosomea ualimu, kila tukienda mazoezi ya kufundisha tunakutana na wimbo uleule: shule haina maabara, kwa hiyo Biolojia inafundishwa kwa mdomo. Mwanafunzi anakariri kwamba mbegu inahitaji maji, hewa na joto la kufaa, anajibu mtihani, basi. Ukimuuliza joto la kufaa ni lipi, anasema "la wastani". Wastani wa wapi?

Mwaka jana nilipangwa mkoani Njombe, mwezi wa Julai. Anayeijua Njombe anaelewa: asubuhi unafundisha na koti, na kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sasa ukimwambia mwanafunzi aweke mbegu "kwenye joto la chumba", unamaanisha chumba gani? Cha Njombe na cha Dar es Salaam ni vitu viwili tofauti. Nikaamua Kidato cha Pili wapime wenyewe.

Vifaa ni vya kawaida: sahani nne, pamba, maji, kipimajoto na mbegu 80 za mahindi kutoka pakiti moja. (Mbegu za dukani zina dawa, kwa hiyo kunawa mikono ni lazima.) Kila sahani mbegu 20. Ya kwanza ilikaa kwenye friji, karibu nyuzi 4. Ya pili darasani. Ya tatu kwenye rafu karibu na jiko la shule, ambako tulipata nyuzi 28 hadi 30. Ya nne tuliiweka hapohapo jikoni, lakini mbegu zake zilichemshwa kwanza kwa dakika kumi.

Kanuni kuu ni hii: kitu kimoja tu kibadilike. Kwenye friji kuna giza, kwa hiyo sahani zote tulizifunika. Maji tulipima kwa kijiko kilekile. Kila siku, saa ileile, wanafunzi walisoma joto na kuhesabu mbegu zilizotoa mzizi. Hesabu yake ni rahisi: zikiota 18 kati ya 20, uotaji ni asilimia 90.

Za jikoni zilianza kutoa mizizi siku ya tatu. Za darasani zilijivuta zaidi ya wiki. Za friji, hata moja haikuota, na zilizochemshwa vilevile.

Kwa nini? Hapa niliacha kitabu nikauliza nani anajua kutengeneza togwa. Mikono ikajaa juu. Wanajua kwamba ulezi unalowekwa, unafunikwa upate joto, unaota, kisha unakaushwa na kusagwa kuwa kimea. Wanajua pia kwamba kimea hakitiwi kwenye uji unaochemka. Unasubiri uwe vuguvugu, ndipo unalainika na kuwa mtamu. Kumbe somo la vimeng'enya wanalo nyumbani! Mbegu inapoota, vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Kukiwa na baridi, kazi hiyo inakwenda polepole mno. Joto likizidi, vimeng'enya vinaharibika na havirudi tena.

Wengi wetu tungefunga mradi hapo, na mwanafunzi angeandika: "Baridi inaua mbegu." Lakini sahani ya friji na sahani ya mbegu zilizochemshwa zote zilikuwa na sifuri. Je, sifuri hizo ni sawa? Siku ya sita tukaihamishia sahani ya friji jikoni. Chache zilioza, lakini nyingi zikaota. Zilizochemshwa zililainika na kunuka tu.

Binti mmoja akasema, "Ticha, mahindi yetu ya vinyungu yalichelewa, baba akanunua mbegu nyingine akapanda tena." Darasa likanyamaza kidogo. Vinyungu, mashamba ya mabondeni, hulimwa kipindi hikihiki cha kiangazi na baridi. Pakiti ya mbegu ni hela. Nikawauliza mkulima angefanyaje kabla ya kununua, wakajibu wenyewe: afukue mbegu chache aziangalie. Kama ni ngumu na haijaoza, azilaze kwenye kitambaa chenye unyevu mahali penye joto, ahesabu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukiufanya mradi huu usiishie siku ya tano. Rudisha za baridi kwenye joto ndipo uandike hitimisho. Na ukipangwa Mtwara au Tanga, ambako baridi si tatizo, ligeuze swali: weka sahani moja kivulini na nyingine ndani ya boksi lililoanikwa juani, upime joto, na uhakikishe pamba haikauki. Usipoangalia pamba, utakuwa umepima ukosefu wa maji ukidhani umepima joto.