Jaruba Juu ya Meza: Kutunza Maji ya Bahari Katika Tangi la Samaki

Katika wilaya za Kilwa na Lindi chumvi huvunwa kwa kazi ya jua na upepo. Maji ya bahari huingizwa katika majaruba wakati wa bamvua, huzibwa humo, na kadiri siku zinavyopita maji hugeuka mvuke na chumvi ikabaki. Wanafunzi wengi wa pwani hiyo wameliona jambo hili kwa macho yao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tangi la kioo lililojazwa maji ya bahari na kuwekwa juu ya meza ya maabara, au sebuleni nyumbani, nalo ni jaruba. Tofauti ni kwamba ndani yake mna samaki.

Chukulia tangi la lita 40. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi zima lina gramu 1,400. Ikiwa katika juma moja lita 4 zimekuwa mvuke, gramu zote 1,400 zimebaki katika lita 36, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Mtunzaji asiye na hesabu huchota ndoo baharini akajaza pengo. Hapo ndipo kosa lilipo. Kilichotoka ni maji matupu, naye amerudisha maji pamoja na gramu 140 za chumvi. Akifanya hivyo kila juma, baada ya majuma 10 tangi litakuwa na gramu 2,800, maana yake gramu 70 kwa lita, maradufu ya bahari. Samaki hawatangoja hesabu ifike huko.

Pengo la mvuke hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yafaa zaidi, kwani visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Ila yasiwe yamepita juu ya bati jipya, maana zinki huwadhuru kaa na konokono. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi ndooni siku moja au mbili. Kifaa cha kupimia hakina gharama: ni mstari wa rangi uliochorwa kwenye kioo siku tangi lilipojazwa. Kila asubuhi maji yarudishwe mpaka kwenye mstari. Shule isiyo na haidromita yaweza kutia mchanga kidogo katika tubu ya majaribio, kuizibia, kuielesha katika maji mapya ya bahari na kutia alama usawa wa maji. Ikielea juu zaidi ndani ya tangi, chumvi imezidi.

Pengine mwanafunzi atauliza: kwa nini tusiyeyushe chumvi ya dukani katika maji ya mvua? Jibu lilianza kupatikana katika safari ya meli ya Uingereza iitwayo Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876. Mkemia William Dittmar alichambua sampuli 77 za maji yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1884. Aliona kwamba jumla ya chumvi hubadilika kutoka bahari hadi bahari, lakini uwiano wa kloridi, sodiamu, salfeti, magnesi, kalsiamu na potasi haubadiliki ila kwa kiasi kidogo mno. Jaruba huuvunja uwiano huo. Maji yanapopungua, kalsiamu kaboneti hutuama kwanza, kisha jasi, kisha chumvi ya mezani, na magnesi nyingi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. (Jasi inayochimbwa Kilwa nayo ni mabaki ya bahari ya kale iliyokauka kwa namna hiyohiyo.) Chumvi ya dukani basi ni kipande tu cha bahari.

Adui wa pili haonekani wala hana rangi. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na chakula kilichooza huongeza nyingine. Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili, ioni isiyo na madhara makubwa na amonia huru iliyo sumu. Katika maji yenye pH 7 sehemu iliyo huru haifiki asilimia 1. Katika maji ya bahari yenye pH 8.2 na joto la nyuzi 28 za Sentigredi, huwa kati ya asilimia 7 na 10. Kwa hiyo kiasi kilekile cha uchafu anachokivumilia samaki wa mtoni chaweza kumwua samaki wa bahari.

Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, na jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hukaa juu ya mchanga na mawe, nao huhitaji majuma 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Haraka ndiyo inayoua samaki wengi wa tangi jipya. Waanze samaki wawili wadogo, walishwe kwa uchache, na wengine wangoje.

Kazi ya bakteria nayo ina bei. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inapogeuzwa kuwa naitreti, asidi inayozalishwa humaliza uwezo wa maji unaolingana na gramu 7 hivi za kalsiamu kaboneti. Uwezo huo ukiisha, pH huporomoka. Wengi huweka tangini vipande vya matumbawe mafu, jiwe lilelile lililojengewa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. (Vipande visichukuliwe magofuni, ambayo ni urithi wa dunia tangu 1981, wala matumbawe hai yasiguswe.) Jiwe hilo husaidia, lakini si kama inavyodhaniwa. Maji ya juu ya bahari tayari yamejaa kalsiamu kaboneti kupita kiasi, hivyo jiwe haliyeyuki mpaka pH ishuke sana. Ni akiba ya siku mbaya tu.

Hatari zaidi ni kutia chokaa iliyochomwa. Chokaa hiyo hupandisha pH ghafla, na amonia iliyokuwa imelala katika hali ya ioni ikawa huru kwa mkupuo. Mtunzaji hulala akidhani ametibu, akaamka na samaki wote wameelea. Sodiamu bikaboneti ya maabara ni salama zaidi: gramu 2 kwa lita 40, kisha kupima tena kesho yake.

Dawa bora, hata hivyo, iko ufukoni. Kila baada ya majuma mawili lita 8 za tangi zitolewe na kubadilishwa kwa maji mapya ya bahari yenye joto lilelile. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito. Lindi, kwa mfano, mto Lukuledi huzimua maji ya ghuba wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili. Samaki nao wachaguliwe kutoka vidimbwi vinavyobaki mwambani maji yanapokupwa, kwa kuwa wamezoea joto na chumvi kupanda na kushuka.

Zoezi. (1) Pima pH ya tangi alfajiri na saa 9 alasiri kwa siku 10, chora grafu, na ueleze kazi ya mwani katika tofauti utakayoiona. (2) Tangi la lita 60 hupoteza lita 5 kila juma, nazo hujazwa kwa maji ya bahari. Tafuta chumvi kwa lita baada ya majuma 6. (Jibu: gramu 52.5.)