Kuchagua Ndege kwa Mchezo wa Vita

Wenzangu mnaorusha ndege za vita katika kompyuta, kwanza tuulize: vita gani, na mwaka gani? Mimi nachukua vita vya Uhabeshi, 1940 hadi 1941, walikopigana askari wa KAR kutoka Tanganyika. Ndege ya mabomu ya Kiingereza yenye injini mbili ifaayo hapo ni Bristol Blenheim, iliyoruka kutoka Aden na Sudan. Wellesley ilikuwako, lakini ilikuwa na injini moja. Junkers 86 za Waafrika Kusini, zilizotoka Kenya, zilikuwa na mbili, ila zilitengenezwa Ujerumani. Mosquito tusiiweke: ilianza kupiga mabomu 1942, hali Gondar ilikwisha anguka Novemba 1941. Mchezo ni mchezo, bali wazee wetu walikufa kweli. Tusiwavurugie historia yao.