Dondoo muhimu: Breki za nyuma za Datsun 240Z

Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na nyuma lina breki za ngoma. Ukifunga shuu mpya Mchikichini, Dar es Salaam, anza hivi.

Beba sampuli. Maduka ya spea ya Gerezani si mbali, lakini muuza spea hatakuelewa kwa jina la gari pekee. Mpe shuu ya zamani apime upana na mkunjo wake.

Kuipata shuu hiyo, fungua upande mmoja kwanza. Upande wa pili ndio ramani yako ya springi, na hakuna picha ya simu inayoushinda. Handibreki iwe imeachiwa. Ngoma ni ya alumini yenye mapezi, hivyo ikigoma usiitwange nyundo ya chuma: legeza adjasta, kisha igonge taratibu kwa nyundo ya mpira.

Vumbi lisipulizwe kwa kompresa, hata fundi wa jirani akikucheka. Shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo huua mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Funua mpira wa silinda ya gurudumu. Ukikuta unyevu, silinda inavuja: itengeneze kabla ya kufunga shuu mpya, maana mafuta yakishazilowesha hazifai tena. Grisi ya joto kali ipake kiduchu, pale tu shuu inapogusa bamba la nyuma.

Kaza adjasta mpaka gurudumu likwaruze kidogo, legeza kiasi, toa upepo. Waya wa handibreki urekebishe mwisho.