Joto la Mashine za Kuchimba Sarafu: Faida Kwenye Baridi, Hasara Magogoni

Vijana mitaani huvutiwa na video zinazoonyesha familia za nchi za baridi zikipasha nyumba joto kwa mashine za kuchimba sarafu za kidijitali kama bitcoin. Ujumbe wake ni mtamu: mashine inakulipa huku ikikupa joto bure. Kabla mkaazi wa Magogoni hajatoa akiba yake kununua mashine kama hiyo, ni vyema aelewe hesabu yake.

Joto hutoka wapi?

Mashine ya kuchimba ni kompyuta yenye kazi moja: kubahatisha nambari mfululizo, usiku na mchana. Anayepata nambari sahihi kwanza huongeza ukurasa mpya kwenye daftari la malipo ya bitcoin, na hulipwa kwa sarafu. Tangu Aprili 2024 malipo hayo ni bitcoin 3.125 kwa kila ukurasa, nusu ya yaliyokuwepo awali, na mashine za dunia nzima hushindania malipo hayo.

Kazi hiyo hula stima, na karibu stima yote inayoingia kwenye mashine hutoka ikiwa joto. Mashine ya aina ya Antminer S19 Pro hutumia takriban wati 3,250. Ni kama kuwasha pasi tatu chumbani bila kuzizima.

Kwa nini wenzetu hufaidika?

Katika nchi za baridi, familia hulipia joto hata kama haina mashine. Mashine ya wati 3,250 hutoa joto sawa na hita ya umeme ya wati 3,250. Kwa hivyo mwenye hita ya umeme akiibadilisha kwa mashine, gharama ya stima ni ile ile, na sarafu anazopata ni nyongeza. Mwaka 2024, kampuni ya Marekani iitwayo MARA ilianza mradi wa megawati 2 huko Satakunta, Finland, ambako joto la mashine hupasha maji yanayopelekwa majumbani kwa mabomba. Nchini Norway, kampuni ya Kryptovault imetumia joto hilo kukausha kuni na mwani.

Magogoni hakuna bili ya kupasha nyumba joto. Hata Julai, wakati wa kusi, joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20 tu. Wakati wa kaskazi, mchana hupita nyuzi 30, na pesa za wakaazi huenda kwenye feni. Joto ambalo Finland ni akiba, hapa ni mzigo.

Hesabu ya mwezi mmoja

Gawanya wati kwa 1,000, kisha zidisha kwa saa za matumizi. Wati 3,250 kwa saa 24 ni uniti 78 kwa siku, au uniti 2,340 kwa siku 30. Ikichukuliwa kwamba uniti moja ni shilingi 25, hiyo ni shilingi 58,500 kwa mwezi. Anayetaka kuondoa joto hilo kwa kiyoyozi kinachotumia uniti moja kutoa uniti tatu za joto ataongeza uniti 26 kila siku. Atakuwa amelipa mara mbili: kutengeneza joto, na kulitoa nje.

Hatari ya moto

Kwa umeme wa volti 240, mashine hiyo huvuta zaidi ya ampea 13.5. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu imewekewa kikomo cha ampea 13. Ekstensheni ikilazimishwa kubeba mzigo huo saa 24, waya hupata moto na huweza kuyeyuka. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyotumia mita moja, hatari na bili ya mmoja huwa ya wote. Pia mashine hupiga kelele kubwa, na hewa ya chumvi ya Pwani hula vyuma vyake.

Inapofanya kazi Afrika

Uchimbaji upo katika ukanda huu, lakini huwekwa palipo na umeme wa ziada. Tangu 2020, mashine zimefungwa kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, cha Mbuga ya Virunga mashariki mwa Kongo, kununua umeme ambao haukuwa na wateja wa kutosha. Hapa Kenya, kampuni ya Gridless imefanya hivyo kwenye vituo vidogo vya umeme wa maji. Faida yao hutokana na stima ya bei nafuu, si na joto la nyumbani.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Mashine hii ni ya wati ngapi? Soma kibandiko chake mwenyewe, usitegemee maneno.
2. Ilipata sarafu za thamani gani mwezi uliopita, na stima iligharimu kiasi gani?
3. Joto lake litakwenda wapi?

Asiyeweza kujibu maswali haya kwa tarakimu asipewe pesa. Na kabla ya kufunga kifaa chochote kikubwa, mwenye nyumba na fundi wa umeme aliyesajiliwa waarifiwe kwanza.