Msimamizi kimya, nami nimekimbilia bao

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili. Msimamizi wangu amekaa na sura ya pili ya tasnifu yangu kwa wiki kadhaa bila neno. Nikifungua kompyuta, hamu sina. Jioni naenda kucheza bao, kisha narudi nikijilaumu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Kusubiri kunachosha kuliko kuandika. Mwandikie msimamizi barua pepe fupi: taja tarehe uliyowasilisha sura, uliza maswali mawili mahsusi, kisha omba miadi. Swali mahsusi hujibika upesi. “Naomba maoni” huahirishwa.

Wakati huohuo, shika kazi isiyomhitaji yeye: kunukuu mahojiano uliyorekodi, kuchora majedwali, kupanga marejeo kwa Zotero, programu isiyolipiwa.

Hamu ikigoma, gawa muda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Italia, alishindwa kutulia kusoma. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujipimia vipindi. Utaratibu wake umeenea: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya vipindi vinne, pumziko refu zaidi.

Bao usiliache. Mashimo 32 na kete 64 hudai akili yote, na hapo ndipo tasnifu inapokutoka kichwani. Ila lipe saa yake: maliza vipindi vyako vya siku, kisha nenda kibarazani bila kujilaumu. Barua pepe iandike leo.