Kazi Mradi ya Fizikia: Kuchagua na Kurekebisha Propela ya Mashua Ndogo ya Umeme

Utangulizi

Mashua ndogo inayoendeshwa kwa rimoti ni kazi mradi inayopendwa na wanafunzi wengi. Ina mbao nyepesi, betri, mota na propela, lakini ndani yake zimo mada nyingi ulizokwisha kuzisoma: kanuni ya tatu ya Newton, parafujo, mwendo, nguvu ya umeme na joto linalotokana na mkondo wa umeme. Ukiielewa vizuri, umefanya marudio ya mada tano kwa wakati mmoja.

Ukimaliza mada hii uweze:

(a) kueleza jinsi propela inavyosukuma mashua;
(b) kukokotoa mwendo wa nadharia na mtelezo;
(c) kuchagua propela kwa kutumia vipimo, si kwa kukisia;
(d) kurekebisha propela kwa usalama.

Kisa cha kuanzia

Wanafunzi niliowafundisha hapa Msangano walitengeneza mashua kwa ajili ya siku ya wazazi. Mota moja tu ndiyo waliyokuwa nayo, nao waliinunua Tunduma kwa fedha walizochangishana. Propela walizikata wenyewe kwenye bati la kopo. Yenye kipenyo cha milimita 35 iliendesha mashua vizuri. Jioni ya kuamkia sherehe wakataka iende mbio zaidi, wakafunga yenye milimita 40. Nami nilikubali bila kuuliza ingekula ampea ngapi. Baada ya dakika chache tukasikia harufu ya kuungua, mashua ikasimama katikati ya maji. Mota ilikuwa imekufa, na pesa ya kununua nyingine haikuwepo.

Kesho yake tuliwaonyesha wazazi mashua isiyokwenda. Mzazi mmoja aliyewahi kuvua Ziwa Rukwa akasema: "Mwalimu, hata sisi tukifunga propela isiyo yake, injini inalia tu, mtumbwi hauendi." Maneno hayo ndiyo somo letu. Propela huchaguliwa kwa kulinganishwa na mota na mashua. Kubwa zaidi si lazima iwe na mbio zaidi.

1. Propela inavyofanya kazi

Propela, ambayo katika Kiswahili sanifu huitwa pia rafadha, ina mapanga yaliyoinama kama ya feni. Inapozunguka husukuma maji kwenda nyuma. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, maji nayo huisukuma propela kwenda mbele kwa kani iliyo sawa na ile, na mashua inasogea.

Mambo matatu huitambulisha propela:

- Kipenyo: upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga.
- Hatua: umbali ambao propela ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia kwenye mbao.
- Idadi ya mapanga: mashua ndogo nyingi hutumia mawili au matatu.

Maji si mbao. Huponyoka, kwa hiyo propela husonga pungufu ya hatua yake. Upungufu huo huitwa mtelezo. Usidhani kwamba mtelezo ni kosa tupu: bila kuyasukuma maji nyuma hakuna kani ya kwenda mbele. Kosa ni mtelezo kuzidi mno.

Kanuni za kukariri

Mwendo wa nadharia = hatua × mizunguko kwa sekunde

Mtelezo = (mwendo wa nadharia − mwendo halisi) ÷ mwendo wa nadharia × 100%

Mfano wa 1. Propela yenye hatua ya sentimita 5 inazunguka mara 4500 kwa dakika. Mashua inapita mita 20 kwa sekunde 8. Tafuta mtelezo.

*Ufumbuzi:*
Mizunguko kwa sekunde = 4500 ÷ 60 = 75
Mwendo wa nadharia = 0.05 × 75 = 3.75 m/s
Mwendo halisi = 20 ÷ 8 = 2.5 m/s
Mtelezo = (3.75 − 2.5) ÷ 3.75 × 100% = 33.3%

2. Kwa nini kuongeza kipenyo kidogo huleta mzigo mkubwa

Kwa propela za umbo moja zinazozunguka kwa kasi moja, nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka milimita 35 kwenda 40 ni ongezeko la milimita 5 tu. Lakini:

(40 ÷ 35)⁵ = 1.95

Yaani ili kuzunguka kwa kasi ileile, propela mpya inadai karibu nguvu mara mbili. Mota ndogo haiwezi, hivyo hupunguza kasi na kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Mkondo huo ndio unaoiunguza, kwa sababu joto kwenye waya wa mota hufuata kanuni hii:

Joto kwa kila sekunde = (mkondo)² × ukinzani

Mfano wa 2. Ukinzani wa mota ni omu 0.1. Linganisha joto mkondo ukiwa ampea 11 na ukiwa ampea 18.

*Ufumbuzi:*
Kwa ampea 11: 11² × 0.1 = 12.1 W
Kwa ampea 18: 18² × 0.1 = 32.4 W

Mkondo umeongezeka mara 1.6, lakini joto limeongezeka karibu mara 2.7. Hivi ndivyo mota yetu ilivyokufa.

Angalia pia hatari ya magugu. Propela ikinaswa na kusimama kabisa, kinachozuia mkondo ni ukinzani peke yake. Kwa betri ya volti 7.4, mkondo unaweza kufikia 7.4 ÷ 0.1 = ampea 74, tusipohesabu ukinzani wa betri na nyaya. Mashua ikinasa, achia rimoti mara moja. Usijaribu kuilazimisha ijinasue.

3. Umbo la mashua nalo lina neno

Mashua zenye sehemu ya chini iliyozama, mfano wa meli ya mizigo, husukuma mawimbi mbele yake. Mwendo wake una kikomo ambacho kukivuka kunahitaji nguvu nyingi mno. Kwa makadirio:

Mwendo wa kikomo (m/s) = 1.25 × √urefu wa mashua majini (m)

Mashua ya urefu wa mita 0.64 ina kikomo cha 1.25 × 0.8 = 1 m/s. Ukiifungia propela yenye mwendo wa nadharia wa 5 m/s, sehemu kubwa ya nguvu itapotea katika kuchafua maji. Mashua ya namna hii inahitaji propela yenye hatua fupi.

Mashua nyepesi yenye sehemu ya chini iliyo bapa hunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Hiyo huvuka kikomo hicho, na inaweza kutumia hatua ndefu kuliko kipenyo chake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "propela gani?", uliza "mashua gani?"

4. Kuchagua kwa vipimo

Vifaa: amita au mita ya umeme inayomudu mkondo mkubwa, saa ya kupimia sekunde, kamba yenye alama ya mita 20, na propela kadhaa. Fuata hatua hizi:

1. Soma kwenye mota au kwa muuzaji mkondo wa juu unaoruhusiwa.
2. Anza na propela ndogo kuliko zote.
3. Pima mkondo kwa sekunde chache tu, mashua ikiwa imeshikiliwa ndani ya pipa au tanki la maji. Mara nyingi mkondo huu huwa mkubwa kuliko ule wa mashua ikitembea, hivyo ukiwa salama hapa una nafasi ya kupumua.
4. Pima muda wa mita 20, mara tatu, kisha tafuta wastani.
5. Baada ya dakika mbili gusa mota kwa uangalifu. Ikiwa huwezi kuweka kidole kwa sekunde tatu, propela ni kubwa mno.
6. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: kipenyo au hatua, si vyote.

Jedwali hili limepangwa kwa ajili ya zoezi. Mota inaruhusiwa ampea 12, na betri ina uwezo wa ampea-saa 2.2. Vipimo vyote vimechukuliwa mashua ikitembea.

| Propela | Kipenyo (mm) | Volti | Ampea | Sekunde kwa mita 20 |
|---|---|---|---|---|
| P | 30 | 7.2 | 7 | 10 |
| Q | 35 | 7.0 | 11 | 8 |
| R | 40 | 6.6 | 18 | 8 |

Mfano wa 3. Tafuta nguvu, mwendo, na nishati inayotumika kwa kila mita. Chagua propela inayofaa.

*Ufumbuzi:*
P: nguvu = 7.2 × 7 = 50.4 W; mwendo = 2.0 m/s; nishati = 50.4 ÷ 2.0 = 25.2 J kwa mita
Q: nguvu = 7.0 × 11 = 77.0 W; mwendo = 2.5 m/s; nishati = 30.8 J kwa mita
R: nguvu = 6.6 × 18 = 118.8 W; mwendo = 2.5 m/s; nishati = 47.5 J kwa mita

R haifai: haina mbio kuliko Q, na imevuka ampea 12. Kwa mashindano ya mbio chagua Q. Kwa safari ndefu chagua P, kwa kuwa hutumia nishati kidogo kwa kila mita.

Historia inatupa ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1837 huko London, Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu mashua yenye parafujo ndefu ya mbao kwenye mfereji. Parafujo ilivunjika, kikabaki kipande. Mashua, badala ya kusimama, iliongeza mwendo. Smith hakupuuza ajali ile. Aliibadilisha parafujo yake kufuata kile alichokiona, na kazi yake ilisaidia propela kuchukua nafasi ya magurudumu ya pembeni mwa meli. Hata MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, huendeshwa kwa propela.

5. Kurekebisha propela

- Usawa wa uzito. Pitisha sindano kwenye tundu la propela, uilaze juu ya kingo za viwembe viwili. Panga zito litashuka. Lipunguze kwa msasa upande wa nyuma, kidogo kidogo, hadi propela itulie popote unapoiacha. Propela isiyo na usawa hutikisa ekseli na kula mota.
- Kingo. Ondoa mabaki ya kukatia kwa tupa ndogo. Kingo laini hukata maji vizuri.
- Hatua. Propela ya bati hupindwa kwa koleo. Kuongeza mwinamo ni kuongeza hatua, na mkondo hupanda. Pinda mapanga yote kwa kiasi kilekile.
- Kipenyo. Mkondo ukizidi, kata ncha milimita moja kila panga, kisha pima tena. Ukikata huwezi kurudisha.
- Ekseli. Iwe imenyooka na mota, na iwe na grisi. Izungushe kwa mkono: ikikwama mahali, rekebisha kabla ya kuilaumu propela.
- Kina. Propela ya mashua ya kawaida izame yote. Ikivuta hewa, mota hulia kwa sauti ya juu lakini mashua haisukumwi.

Tahadhari

- Washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri ya mashua. Wakati wa kuzima, tenganisha betri kwanza.
- Usiweke vidole karibu na propela betri ikiwa imeunganishwa.
- Betri ya lithiamu ichajiwe kwa chaja yake, mbele ya macho yako.
- Usifanye majaribio kwenye Mto Momba wala Ziwa Rukwa. Kuna mamba na viboko. Mashua ikizimika katikati ya maji mtu atataka kuifuata, na hakuna mashua yenye thamani ya maisha ya mwanafunzi. Tumia tanki au dimbwi fupi la kuchimba, na mashua ifungwe uzi.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kusahau kugeuza mizunguko kwa dakika kuwa kwa sekunde.
- Kutumia hatua kwa sentimita na kuandika jibu kwa m/s.
- Kuandika kwamba joto huongezeka sawa na mkondo. Huongezeka kwa kipeo cha pili.

Maswali ya kujipima

1. Propela yenye hatua ya sentimita 4 inazunguka mara 6000 kwa dakika. Mashua inakwenda 3 m/s. Tafuta mtelezo.
2. Kwa jedwali la juu, betri ingedumu dakika ngapi kwa propela Q ikitumika yote?
3. Mkondo wa mota ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara ngapi?
4. Mota inalia kwa sauti ya juu, mkondo ni mdogo, mashua haiendi. Taja sababu mbili zinazowezekana.
5. Mota imepata moto sana na mashua inakwenda polepole. Mwenzako anashauri propela kubwa zaidi. Mjibu kwa sababu mbili.

Majibu

1. Mwendo wa nadharia 4 m/s, mtelezo 25%.
2. 2.2 ÷ 11 = saa 0.2, yaani dakika 12.
3. Mara nne.
4. Propela inavuta hewa; au imelegea kwenye ekseli.
5. Propela kubwa itaongeza mkondo, na joto litaongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo huo; mota ikishazidiwa hupunguza mizunguko, hivyo mwendo hauongezeki. Apunguze kipenyo au hatua, kisha apime tena.

Wanafunzi wale walichanga tena muhula uliofuata. Mara hii amita ilinunuliwa kabla ya mota.