Kasuku Mgeni: Maswali kutoka Magara

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, aweza kuishi miaka 40 na zaidi, na kwa hiyo si ajabu akahama nyumba mara mbili au tatu. Maswali haya yameulizwa na aila moja ya Magara iliyoachiwa ndege huyo na jirani aliyehamia Bujumbura.

Mzee, tangu juzi hasemi, na hula punje chache tu. Je, ni mgonjwa?

Aghalabu si maradhi bali ni msiba, kwani ndege huyu hujifunga kwa mtu kama ajifungavyo kwa mwenziwe mwituni, na sasa ametengwa naye, akatiwa katika nyumba ambayo harufu yake, sauti zake na nyuso zake hazijui. Ada yetu huku ni kumzingira mgeni kwa furaha, watoto wa mtaa mzima wakaja kumpigia mluzi. Takrima hiyo kwake ni adha. Mwacheni wiki nzima, mpite karibu naye mkizungumza mambo yenu kwa upole, wala msimkodolee macho, maana kiumbe amtazamaye bila kupepesa, kwa hesabu ya kasuku, ni mwewe. Illa akikosa kula kabisa kwa siku nzima, akatutumua manyoya, na mkia ukapanda na kushuka kila apumuapo, mpelekeni kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Tundu tuliweke wapi?

Mbali na jiko. Moshi wa makaa, na ule wa ndagala wakikaangwa kwa mawese ambao sisi twausifu, humdhuru mapafu. Na vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa iwezayo kumwua. Pembe ya sebule yenye ukuta nyuma yamfaa, na usiku apate giza na utulivu kwa muda wa saa 10 au 12.

Mwenyewe wa kwanza alimlisha alizeti na mkate. Tuendelee?

Siku za mwanzo, naam, tumbo lisipate ugeni juu ya ugeni. Kisha mbadilishieni taratibu. Alizeti ni mafuta matupu, na kasuku wa kijivu akipungukiwa na madini ya chokaa hushikwa hata na kifafa. Nanyi mna neema ambayo wafugaji wa Ulaya hawaioti: chikichi za Rumonge, ambazo ndizo chakula chake mwituni, na wekundu wake una asili ya vitamini A. Ongezeni lengalenga na jua la asubuhi. Parachichi, ijapokuwa limejaa kila ua, kwake ni sumu. Kadhalika kahawa na pombe, na wale wazee wachekao wakimwonjesha bia wakanywe peke yao.

Ananguruma na kuuma. Tutamshika lini?

Atakapotaka yeye. Mngurumo ule ni hofu, si ukali. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu hata siku ya thelathini huenda asilipokee. Kila siku mpeni chikichi moja kwa mkono, na akiuma msipige kelele, kwani ataona amepata mchezo.

Kuna mtu mwaloni anauza mwingine, aliyevushwa kutoka Kongo. Tumnunue awe mwenziwe?

Hasha. Hao hunaswa kwa ulimbo na nyavu, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yakaharimisha biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni wa jinsi hii.

Jana amesema mara ya kwanza, lakini kwa sauti ya jirani, akimwita binti wa nyumba ile. Tumkanye?

La. Amesema kwa kuwa hofu imepungua. Akiita jina hilo, mwitikieni "labeka", na baada ya miezi kadhaa msishangae akiita kwa sauti ya jirani na kujiitikia mwenyewe kwa sauti ya mama mwenye nyumba.